Sagana Bila Spika

Mtaani kwetu kimya inakujanga tu stima ikipotea. Hapo ndio unaanza kuskia vitu hukuwa unajua ziko: mtoi wa juu akikohoa, mfereji wa ploti ikidondoka, mathe wa mboga akihesabu chenji polepole ju hakuna mtu wa kumharakisha. Dakika tano, labda kumi. Alafu stima inarudi, mtaa mzima inapiga nduru, na subwufa ya kinyozi inaendelea na ngoma penye iliachia. Mimi nimelelewa na hiyo kelele. Nimeilalia, nimesomea mtihani ya fom foo ndani yake, na nikipanda mathree haina ngoma nashuku dere ametoka matanga.

Sasa beshte yangu wa Donholm aliponishow form ya Sato ni kwenda Sagana kukaa kwa kayaki juu ya mto, swali yangu ilikuwa moja: ngoma itatoka wapi?

Akanijibu amebeba spika. Nikaskia niko sawa.

Tulikuwa wanne. Mimi, yeye, sistake mdogo mwenye hajawahi kukubali kuambiwa kitu na brathake, na manzi mmoja wa Rongai amesomea chuo Kilifi. Huyo wa Kilifi ndiye alikuwa anajua maji. Sisi wengine maji yetu ni ya mtungi. Na hapo ucheke polepole, ju Nairobi yenyewe imepewa jina na maji: Wamaasai waliita hapa Enkare Nairobi, maji baridi. Jiji mzima inaitwa maji baridi na hakuna msee anaweza weka mguu kwa huo mto bila kuombewa. Ata Nairobi Dam, pale kando ya Kibra na Lang'ata, wazee wanakuambia kulikuwa na klabu ya wasee wa mashua za tanga, Sunday watu wamevaa kofia nyeupe. Alafu ikajaa magugu na takataka hadi unaweza dhani ni shamba. Ndio maana mbogi yetu tukiskia "mto" tunafikiria harufu, na tukiskia "ziwa" tunafikiria samaki. Kuingia ndani ju ya raha tu, hapana.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa Tea Room, kwa mathree za kuenda Karatina na Nyeri. Ni kitu kilomita mia moja hivi, masaa mbili kama Thika Road haijakasirika. Ukifika Kenol harufu ya nyama choma inaingilia dirisha ata kabla mtu anywe chai. Ukifika Makutano barabara inajigawa, wa Mwea na Embu wanakata kulia, nyinyi mnanyoosha, na kidogo tu donda anagonga bodi: "Sagana mshuke!" Hapo unarukia nduthi hadi mtoni. Mimi nilitoka kejani na ngiri nne, ya fare, ya mto na ya tumbo, na nilirudi na soo mbili. Lakini hizo bei za mto zinabadilika na msimu, piga simu kwanza, usiende kushangaa getini.

Kochi alikuwa jamaa mwembamba, labda miaka arobaini, ako na mabega ya mtu amebeba simiti maisha yake yote. Alitucheki, akacheki ndula zangu nyeupe, akanyamaza. Alafu akaona spika kwa mkono wa beshte yangu.

"Hiyo itabaki kwa meza, bro."

"Kochi, si inaelea? Haiingizi maji."

"Najua. Lakini huku nikiita, lazima unisikie mara ya kwanza. Hakuna mara ya pili."

Beshte akaiweka kwa meza kama mtu ameambiwa aache mtoi wake rehani.

Wacha nikuchanue kidogo hapa, ju hii mambo ya kayaki watu wengi wanaijua tu kwa picha. Ni kamtumbwi kembamba, zetu zilikuwa za plastiki, urefu wa mita tatu na kitu. Unakaa umenyoosha miguu mbele kama mgeni kwa mkeka, unaangalia penye unaenda, na unashika kijiti iko na bapa pande zote mbili. Bapa ikiwa moja tu, hiyo unayoendesha ni kanuu, si kayaki. Sisi tulikuwa tunaita hiyo kijiti "fito" hadi manzi wa Kilifi akachoka: "Inaitwa kafi, jameni. Kafi." Wavuvi wa huko Kilifi wanaijua hivyo tangu zamani. Nimeamua naibeba.

Na kayaki yenyewe haikutengenezwa kwa raha. Ni ya Wainuit, wale watu wa baridi ya Greenland, Alaska na kaskazini ya Canada, maelfu ya miaka huko nyuma. Walikuwa wanaunda mifupa yake na mbao zimetupwa na bahari, wengine na mifupa ya nyangumi, alafu wanaivisha ngozi ya sili. Kila mwindaji anapimwa mwili wake kama mtu anashonewa suti, ndio boti imshike kiunoni kabisa. Sababu? Sili ako na masikio. Ukimwendea na kelele, usiku mnalala njaa. Kwa hivyo hii kitu tangu mwanzo ilichongwa ndio inyamaze. Kochi hakusema hivyo, ni mimi nilijifikiria baadaye, lakini nikaelewa venye spika ilibaki kwa meza.

Na usiniletee stori ati hizi ni vitu za wazungu. Panda hadi Baringo uone Ilchamus wanaingia ziwani na kaboti kamefungwa na vijiti vya ambachi, mti mwepesi kama sponji unamea kando ya maji. Maji inaingia na kutoka, na kaboti hakazami ju mti wenyewe unaelea. Mvuvi anakaa chini kabisa, karibu na maji, anachota mbele polepole. Sasa hiyo na kayaki ni nini tofauti? Ni venye hakuna mtu amewahi kuipigia debe tao.

Turudi Sagana. Kabla uguse maji kuna jaketi ya kuelea, na hapa Kochi alikuwa mkali kuliko askari wa getini. Anafunga mikanda ya kifua, alafu anashika mabega ya jaketi na kuivuta juu na nguvu zake zote. Ikipanda hadi masikio, si saizi yako, toa. Beshte alitaka kuiachia kidogo ju picha zitamtoa kama amevaa godoro. Kochi akamwambia picha ya mwisho ya watu wengi iko hivyo, wamependeza. Akafunga.

Somo ya kwanza ilikuwa nchi kavu. Weka kafi juu ya kichwa, viwiko vijikunje kama kona ya meza, hapo ndio mikono inashika. Alafu anakuambia kitu haiingii akilini mara moja: usitumie mikono. Zungusha kiuno. Mikono ni kamba tu, injini iko kwa tumbo na mgongo, na mguu wa upande unaochota ndio unasukuma. Mimi nilimskia, nikaitikia, nikaingia kwa maji na nikatumia mikono. Dakika kumi na tano mabega yalikuwa yananilia. Manzi wa Kilifi alikuwa anazungusha kiuno kama mtu anapepeta mchele, hana jasho.

Yeye ndiye nilipangiwa naye, kwa kayaki ya watu wawili. Brathe na sistake wakapewa ingine. Sasa hii kitu ya watu wawili, wazungu wanaiita boti ya talaka, na nimejua sababu. Wa mbele anaweka mdundo, wa nyuma anafuata huo mdundo na ndiye anashika usukani. Kwa hivyo wa nyuma haonwi lakini ndiye analaumiwa. Wa mbele akibadilisha mdundo bila kusema, kafi zinagongana, kaah!, na boti inakata kona kuenda kwa matete. Wale ndugu wawili walizunguka pahali pamoja kama nzi kwa supu, kila mtu akiambia mwingine achote upande ule mwingine. Tuliwaskia hadi wakaisha nguvu ya kugombana. Hapo tu ndio boti yao ilianza kwenda mbele.

Kulikuwa na kaplo ingine ya kando, wamevaa kufanana, hao hawakuenda mahali. Walikaa pale ukingoni boti ikiwa imefungwa, wakapigwa picha za kila aina, wakashuka, wakaenda kuagiza chipo. Siwacheki. Lakini kama ni hivyo, ata beseni ingewatosha.

Alafu ikafika ile saa yenyewe. Tulikuwa tumepandisha mto kidogo, penye maji imepanuka na kulala, rangi ya chai ya maziwa, miti imeinama pande zote hadi jua inaingia vipande vipande. Kochi akainua mkono, akaweka kafi yake juu ya mapaja. Tukaweka zetu. Boti zikaendelea kuteleza zenyewe, polepole, alafu zikachoka.

Maze, sijui nikuambie aje. Kwanza masikio yangu yalifanya kama yameziba. Nilikuwa nangoja kitu ianze. Kidogo kidogo nikaskia tone za maji zikianguka kutoka kwa ncha ya kafi, tik, tik. Nikaskia mdiria, kale kandege ka mdomo mrefu, kakipiga mbizi upande wa pili, na sikuwa nimekaona. Nikaskia mtu akikata kuni mbali sana, sauti ya panga ikifika baada ya muda. Nikaskia manzi wa Kilifi akipumua. Sijawahi skia mtu akipumua nje, mchana, bila kuwa tumekosana. Beshte yangu, mwenye hajawahi nyamaza tangu darasa la nne, alikuwa ameangalia maji mdomo wazi.

Na hii maji, skia. Inatoka mlima Kenya na Aberdare, inaitwa Sagana hapa, huko chini inakuwa Tana, mto mrefu kushinda yote Kenya, kitu kilomita elfu moja hadi baharini karibu na Kipini. Lakini kabla ifike huko inapitishwa kwa mabwawa ya Seven Forks: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Kindaruma ndio ya kwanza, 1968, Masinga ikajengwa upande wa juu wa mto, ikaisha 1981. Zote zinatoa stima. Kumaanisha ile maji ilikuwa imeninyamazia chini ya matako, baadaye ingekuwa inazungusha mashine, ipande waya, ije mtaani, iingie kwa subwufa ya kinyozi. Nilicheka peke yangu. Manzi akauliza nini. Nikamwambia nitakuambia tukifika nchi kavu.

Kurudi ndio niliogeshwa. Kuna pahali mto unajikaza kati ya mawe, si ile maji ya kasi ya kuweka helmeti, kasi kidogo tu. Nyuma ya kila jiwe kubwa maji inatulia na ata inarudi juu, na pale kasi na utulivu zinakutana kuna kama mstari. Ukivuka huo mstari umelala upande mbaya, mto unavuta boti chini yako kama mtu amevuta mkeka. Kochi alikuwa amesema: ukivuka kuingia kwa kasi, egemea upande wenye mto unaenda. Mimi nikaegemea upande wa uoga.

Ndani. Baridi ya kutoka mlimani inakuingia kwa meno. Kitu ya kwanza mwili inakuambia ni usimame, ju maji ni ya kiuno tu. Nikaskia Kochi, mara ya kwanza kabisa, sauti moja imekata mto mzima: "Miguu juu! Lala mgongo!" Nikalala. Jaketi ikanibeba kama mtoi, miguu mbele, vidole vikichungulia, nikaelea hadi maji ikatulia. Alinielezea baadaye nikitetemeka: kwa maji inakimbia, mguu ukiingia kati ya mawe, mto unakusukuma mgongo na mguu haitoki. Maji ya kiuno inatosha kumaliza mtu mzima. Na mti umeanguka mtoni ni hivyo hivyo, maji inapita kwa matawi lakini wewe hupiti. Hiyo ndio unakwepa ukiwa bado mbali. Sasa fikiria spika ingekuwa inapiga.

Ndula zangu nyeupe, moja ilienda. Pengine iko Masinga.

Njaa ya mtoni ni njaa ingine. Tulishuka hadi Sagana tao kwa samaki, ju hii tao na tilapia ni damu moja, kuna shamba ya serikali ya kufuga samaki hapa tangu 1948. Mathe mmoja alitukaanga tatu kubwa, ugali na kachumbari, akaangalia mguu wangu mmoja bila kiatu. "Umeogea, kijana wangu?" Nikamwambia nimeogea, mathe. Akaniongezea supu bila kuitishwa. Kwa meza hakuna mtu alikuwa anabonga. Si ati tumekosana. Ni venye kila mtu alikuwa bado ako huko.

Tangu hapo nimekuwa mgonjwa wa hii kitu, na nimeenda ata Vasha. Wewe ukiskia Vasha unafikiria Safari Rally, tangu irudi 2021 kwa ile ligi ya dunia, vumbi, mahema na watu wamepoteza simu na heshima. Nenda siku hakuna rali. Lakini nenda asubuhi mapema, na sitanii. Naivasha pia ni jina ya Kimaasai, Nai'posha, maji inayochafuka, na walioipatia jina walikuwa wanajua. Saa moja asubuhi ziwa ni kioo. Mchana upepo unaamka, na kufikia alasiri mawimbi yanapiga kayaki kando kama mtu anadai deni. Tulipita kati ya miti imekufa imesimama ndani ya maji, ju ziwa ilipanda ikameza ukingo, ata mtaa wa Kihoto watu walifurushwa na maji. Juu ya kila mti mkavu kuna tai wa samaki amekaa kama landlord.

Na huko ndio kuna viboko. Hapo sina utani na usiende bila msee wa pale mwenye anajua wanalala wapi. Kiboko anaweza kaa chini ya maji dakika kadhaa, na wewe kwa kayaki umekaa chini, huoni mbali. Yule mzee alituongoza alikuwa anagonga ubavu wa boti na kafi kila baada ya muda, kidogo tu, ndio wajue tunapita. Nikamuuliza, si tulisema tunyamaze? Akasema, kwa kiboko unabisha hodi.

Kitu ingine watu hawakuambii ni kichocho. Maji tulivu, matete, konokono wadogo, hiyo ndio nyumbani kwake, na ata kule Mwea kwa mpunga wanaijua vizuri. Kaa kwa boti, usisimame kwa matete ukipiga selfi, jikaushe vizuri ukitoka, na ukianza kuona damu kwa choo au kwa mkojo nenda hosi, dawa iko. Ukitaka mbali zaidi kuna Jinja, kule Uganda, Nile yenyewe, wasee wa kayaki dunia mzima wanaenda huko ata baada ya bwawa ya Bujagali kufunika maporomoko 2011. Hiyo bado nachangia. Na jinzi usivae, popote. Jinzi ikilowa ni kama umefunga jiwe kiunoni.

Lakini ya Sagana haijaisha. Tukirudi ile jioni tulipata nganya, hizo za taa ya zambarau na skrini tatu, besi hadi kiti inakusukuma mgongo. Viganja vyangu vilikuwa na malengelenge na mikono ilikuwa bado inazunguka kidogo yenyewe, kushoto, kulia. Beshte wa Donholm alikuwa dirishani, spika yake kwa mapaja imezimwa, simu ameishikilia kwa sikio na kidole kwa sikio ile ingine. Nikadhani ni mathake anamuuliza ako wapi. Kumbe kule mtoni, zile kafi zikiwa mapajani, alikuwa ametoa simu kwa ule mfuko hauingizi maji na akarekodi. Sekunde arobaini. Aliirudia kutoka Makutano hadi Thika.

Tukifika Roysambu akaitupa kwa grupu ya mtaa, bila neno. Majibu yakaanza kuingia tukiwa Pangani. Wa kwanza akauliza kama ni bando imeisha. Wa pili akasema, "Buda tuma tena, hakuna kitu inaskika."